Kijana Aliyeachwa na Wajibu wa Wazee Wake

Miongoni mwa misiba impatayo binadamu kabla hajatimiza miaka ishirini, hakuna unaodharauliwa na wakubwa kama msiba wa kuachwa na mpenzi. Maana mtoto akifiwa na nyanyaye jamaa hukusanyika, akianguka mtihani hutafutiwa mwalimu wa jioni, akivunjika mguu hubebwa hospitali, lakini akiachwa na msichana au mvulana ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa wa kwanza kumwamkia asubuhi na wa mwisho kumuaga usiku, yamkini atakachosikia, ikiwa habari itafika nyumbani, ni kicheko, au karipio, au neno fupi kwamba hayo ni mambo ya kitoto na yatapita. Kwamba yatapita ni kweli. Lakini jambo huweza kupita bila ya kumwachia mtu faida yoyote, na swali ninalotaka kulichambua hapa ni hilo: kijana wa miaka 14 au 17 aweza kujifunza nini katika kuachana, nani wa kumfundisha, na kwa sababu gani huku kwetu, Pwani na bara yake, mafunzo hayo aghalabu hayatolewi.

Tuanze na ukubwa wa maumivu yenyewe, kwa kuwa asiyeyasadiki hataona haja ya yanayofuata. Mwaka 2010 Helen Fisher, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake katika elimu ya mapenzi, alitangaza pamoja na wenziwe matokeo ya kupiga picha za ubongo za watu 15 walioachwa karibuni, nao wakiwa bado wanawapenda waliowaacha. Walipoonyeshwa sura ya mpenzi aliyewakataa, sehemu za ubongo zilizochangamka zilikuwa pamoja na zile za hamu na matarajio, ambazo huchangamka vivyo hivyo kwa mtu aliyezoea kokeini, na nyingine zihusikazo na maumivu ya mwili. Watu 15 ni haba, tena hawakuwa watoto wa shule, kwa hiyo sithubutu kutoa hukumu kubwa kwa ushahidi huo peke yake. Lakini mwaka 1999 Scott Monroe na wenziwe walikwisha kueleza habari za wanafunzi wa sekondari zaidi ya elfu moja, waliofuatiliwa katika jimbo la Oregon, wakaona kwamba kuvunjika kwa mapenzi katika mwaka uliotangulia kulikuwa ni ishara ya kijana kuingia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, katika ugonjwa wa sonona. Wengi wa walioachwa hawakuugua. Hilo lazima lisemwe, ili mzazi asije akamkimbiza daktari kila mtoto anayelia. Walakini adha inayoweza kufungua mlango wa maradhi kwa baadhi ya watu haistahili kuchekwa kwa wote.

Tena kuna sababu iliyo wazi hata kwa asiyesoma kitabu, nayo ndiyo nionayo kuwa ya kwanza katika suala zima. Mtu wa miaka arubaini akiachwa huumia, pengine kushinda mtoto, lakini ana jambo moja ambalo mtoto hana, nalo ni kumbukumbu ya kuwa alipata kuumia zamani akapona. Kijana hana ushahidi huo katika maisha yake mwenyewe. Anaposema kwamba hatapenda tena, au kwamba maisha yamekwisha, hatii chumvi kama wakubwa wadhanivyo. Anatoa hesabu sahihi ya tajiriba aliyo nayo, na tajiriba aliyo nayo ni moja tu. Kumwambia yatapita ni kumtaka asadiki kwa imani jambo ambalo mwambiaji analijua kwa kuliona. Na imani ya namna hiyo hupewa mtu anayeaminiwa kwanza.

Hapo ndipo kadhia yetu inapofunga fundo, kwa kuwa kijana wa huku kwetu, ili akiri kwamba ameachwa, hana budi kukiri kwanza kwamba alikuwa na mpenzi. Nyumbani hilo ni utovu wa adabu, shuleni ni kosa la kuitiwa mzazi, msikitini na kanisani ni dhambi, na katika baadhi ya hali ni jambo la polisi: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wavulana wamepata kufikishwa mahakamani kwa uhusiano na wasichana wa umri wao. Msichana wa kidato cha tatu aliyeachwa hujikuta basi katika hali ya mtu aliyeibiwa mali ambayo kuwa nayo kulikuwa haramu. Hawezi kwenda kulalamika kwa yeyote. Na mkubwa anayegundua hushughulika na swali lake mwenyewe, lini ilianza, wapi mlikutana, nani mwingine anajua, hata swali la mtoto likakosa wa kulisikia.

Sitaki kuwadhulumu wazazi, kwani hofu yao ina historia. Tanzania Bara, kwa miaka mingi, binti aliyepata mimba alifukuzwa shule asirudi, na ni Novemba 2021 tu serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua waweza kuendelea na masomo katika mfumo wa kawaida. Mzazi aliyemchapa bintiye kwa ajili ya barua ya mapenzi alikuwa na hesabu kichwani, na hesabu hiyo haikuwa ya wazimu. Lakini itazame hali hii kwa upande wa pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2016, katika shauri alilolifungua Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Msichana yuleyule, kwa umri uleule, alionekana mkubwa vya kutosha kuwa mke na mdogo mno kuwa na majonzi ya kupenda. Mimi sioni jinsi ya kupatanisha mambo hayo mawili ila kwa kusema kwamba moyo wa mtoto mwenyewe haukuwamo katika hesabu ya upande wowote.

Fasihi yetu ililiona jambo hili mapema. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupata kuzuiwa mashuleni, mzee Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na mapigo yale yanamfundisha binti kitu kimoja tu, kwamba mapenzi ni mambo ya kufichwa. Atakapotoka chini ya jicho la babaye hatakuwa na kipimo chochote cha kumpimia mwanamume, na mwisho, anapokuja kukataliwa na mchumba aliyemtaka kwa dhati, hana pa kuiweka fedheha ile, anajitoa roho. Walioizuia riwaya waliona uasherati ndani yake. Laiti wangeisoma kama habari ya mtoto aliyenyimwa mafunzo.

Huenda msomaji akauliza, je, wahenga wetu hawakuwa na mafunzo? Walikuwa nayo, na mengi. Mwali wa Kizaramo au wa Kimakonde aliwekwa ndani, akakabidhiwa kungwi, akafundishwa kwa ngoma na nyimbo za mafumbo habari za mwili wake, usafi, heshima na maisha ya mume na mke. Unguja na Mrima somo alishika kazi iyo hiyo, na hata karibu na zama zetu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alisifika kwa unyago kama kwa taarabu. Wavulana walipelekwa jandoni. Lakini elimu hiyo ilikuwa elimu ya kuingia: namna ya kuingia utu uzima na namna ya kuingia ndoa. Kijana aliyechaguliwa mchumba na wazee wake hakuwa na nafasi kubwa ya kupenda watu watatu kabla ya kuoa, na kwa hiyo hakukuwa na haja ya somo la kumfundisha jinsi ya kuachana na wawili wa kwanza. Siku hizi kati ya baleghe na harusi pana miaka kumi, pengine kumi na mitano, ya shule, chuo na kutafuta kazi, na ndani ya miaka hiyo kijana hupenda na kuachwa bila ya kungwi. Nyimbo anazo, tena kwa wingi, taarabu nyumbani kwa jirani na Bongo Fleva ndani ya daladala, lakini nyimbo nyingi za kuachwa ni za kulia au za kumkomoa aliyeacha, na baina ya kulia na kukomoa hamna mafunzo mengi.

Lipo hata hivyo jambo katika mila hizo ambalo mimi ningelirudisha kesho, nalo ni hekima ya kumpa mtoto mtu mzima mwingine asiyekuwa mzazi wake. Kungwi hakuwa mama. Mama ana mamlaka ya kuadhibu, na mwenye mamlaka ya kuadhibu hasikii maungamo ila yaliyopunguzwa. Shangazi, khalati, mjomba, kaka wa binamu aliyekwisha kuoa, na zaidi ya wote bibi na babu, ambao kwa desturi ni watani wa wajukuu wao, wana nafasi ambayo haijajazwa na wataalamu. Bibi anayemwita mjukuu wake wa kiume mume wangu anaweza kumuuliza, kwa mzaha huohuo, mke mwenziwe yuko wapi siku hizi mbona hatajwi, na kijana akajibu kwa mzaha, na katikati ya mzaha akanyamaza, na bibi akajua. Utani humpa mtoto njia ya kusema bila kukiri. Katika shule za bweni, ambako bibi hayuko, kazi hii huangukia kwa matroni au mwalimu wa unasihi, na mara nyingi mwalimu huyo ndiye huyohuyo anayeshika daftari la nidhamu. Wakuu wa shule waliotenganisha vyeo hivyo viwili wamefanya jambo kubwa kuliko wengi wanavyotambua.

Tuchukulie basi kwamba amepatikana wa kumsikiliza. Watu wa zama hizi husema haraka kwamba dawa ni kuongea, na kauli hiyo yahitaji kupunguzwa. Mwaka 2002 Amanda Rose wa Marekani alichunguza watoto na vijana ambao hukaa na rafiki zao wakilichambua na kulirudia tatizo moja mara kwa mara, akaona kuwa mazungumzo hayo huuongeza urafiki na wakati huohuo huambatana na dalili za huzuni na wasiwasi. Kila aliyepata kulala bwenini ajua vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja, na kisa kilekile kinachosimuliwa mpaka usiku wa manane, alisema hivi, mimi nikamjibu vile, unadhani alikuwa na maana gani. Hata kuandika, ambako kuna sifa njema tangu James Pennebaker na Sandra Beall walipoonyesha mwaka 1986 kwamba wanafunzi walioandika habari za machungu yao kwa siku nne mfululizo walihitaji zahanati mara chache baadaye, hakumfai kila mtu. David Sbarra na wenziwe waliwapa kazi hiyo watu wazima waliotengana na wenzi wao, wakatangaza mwaka 2013 kwamba wale wenye tabia ya kuchimbachimba maana ya mambo walipona polepole zaidi kuliko wenzao walioandika habari za kawaida za siku. Funzo ninalolichukua ni kwamba kisa husimuliwa kizima mara moja, bila kukatizwa, na mtu mzima asiyetafuta makosa ndani yake. Kikija mara ya tano na hakina jipya, msikilizaji mwema humwomba kijana amsaidie kuparua samaki.

Baada ya kusikiliza ndipo yafundishwe yale ya kufundishwa, na hapa wazee wetu hukosea kwa wema. Faraja yetu ya kwanza ni kusema haikuwa riziki yako. Ni maneno mazuri, na katika umri fulani ni maneno ya kweli. Lakini yakitangulia mno hufunga kesi kabla ya shahidi kuitwa. Faraja ya pili ni kumtukana aliyeondoka, kwamba hakuwa na maana, hakuwa wa hadhi yako, ambayo humfurahisha mtoto jioni moja na kumfundisha kwamba alipenda kama mpumbavu. Ninachokiona kuwa kiini cha mafunzo yote ni insafu, yaani kijana asaidiwe kuyatenga mambo matatu yaliyochanganyika kifuani mwake: lililotokana na yeye, lililotokana na mwenzake, na lile ambalo halikutokana na yeyote, kama vile kuhamishwa shule, au kubadilika tu kwa moyo wa mtu wa miaka 16, ambao ni wajibu wake kubadilika. Kijana aliyeachwa kwa kawaida huyatia yote katika fungu moja, ama mimi sifai ama yeye ni shetani. Ty Tashiro na Patricia Frazier waliwauliza wanafunzi 92 wa chuo kikuu walioachana na wapenzi wao, na katika maelezo yao ya mwaka 2003 kila mmoja, kwa wastani, alitaja mambo matano mema aliyoyapata, mengi yakihusu nafsi yake: kwamba aweza kusimama peke yake, kwamba ajua sasa anachokitaka. Hao walikuwa wakubwa kidogo na waliulizwa. Wetu hawaulizwi.

Lakini kuna mahali ambapo swali la umejifunza nini halifai kuulizwa kabisa. Ikiwa mpenzi alikuwa mwalimu, au kondakta wa basi aliyempa lifti, au baba wa rafiki, au yeyote mwenye umri na fedha za kumzidi mtoto, jambo hilo si kuachana, ni dhuluma, na kumtaka aliyedhulumiwa atoe funzo ni kumbebesha taksiri ya mtu mwingine. Hali ni hiyohiyo zikisambazwa picha za siri baada ya mapenzi kwisha. Kwa hilo Kenya ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 na Tanzania ina yake ya 2015; mzazi aanze na aliyesambaza, na ghadhabu zake juu ya picha kupigwa aziweke kando kwanza.

Simu, hata pasipo uovu, imeugeuza msiba huu. Zamani aliyeachwa aliweza kupita njia nyingine asimwone mwenzake. Leo humwona kiganjani, akicheka katika stetasi, kavaa nguo mpya, kasimama na watu wasiojulikana. Mtafiti Tara Marshall, wakati huo akiwa Uingereza, alitangaza mwaka 2012 kwamba watu waliozoea kumchungulia mpenzi wao wa zamani katika Facebook walikuwa na majonzi zaidi na kukua kwa nafsi zao kulikuwa kudogo, ingawa utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema kwa yakini kipi kilitangulia, kuchungulia au majonzi. Ushauri wa kumnyang'anya simu kijana wakati huo, ambao ndio wa kwanza kutufikia akilini, humtenga na marafiki pia. Afadhali aombwe aufiche ukurasa mmoja, wa mtu mmoja, kwa muda, na afanye hivyo kwa mkono wake mwenyewe.

Nimesema kijana kana kwamba mvulana na msichana ni mamoja, na si mamoja. Msichana aliyeachwa huruhusiwa machozi. Mvulana, kapigwa kibuti kama wasemavyo mtaani, huchekwa na wenzake siku hiyohiyo, na mlango pekee anaoachiwa wazi ni wa hasira. Kwa kuwa kutoka utotoni ameambiwa kwamba mwanamume ndiye anayetaka na ndiye anayeamua, kukataliwa kwake huwa si huzuni tu, ni kuvuliwa uanaume hadharani. Na nani asiyesoma magazetini habari za wasichana, wengine wanachuo, waliouawa na wanaume waliowakataa? Serikali ya New Zealand ilipozindua kampeni ya Love Better mwezi wa Machi 2023, na kuitengea dola milioni 6.4 za nchi hiyo kwa miaka mitatu ili kuwasaidia vijana wanapoachana, wapo walioshangaa kuona hazina ya umma ikilipia machozi ya mapenzi; lakini fungu hilo lilikuwa sehemu ya juhudi za kupunguza ukatili wa majumbani na wa kijinsia, na hesabu hiyo naiona sahihi. Mvulana anayejua kupokea la akiwa na miaka 15, kwa maumivu lakini pasipo kisasi, ni amani ya nyumba ambayo bado haijajengwa. Na afundishwe na mwanamume, baba au mjomba aliyepata kukataliwa akakiri, maana mtoto wa kiume aliyezungukwa na wanaume ambao eti hawakupata kuachwa hata siku moja atadhani yeye ndiye wa kwanza katika ukoo.

Iko pia hatari ambayo haingoji mafunzo. Kijana akiacha kula na kulala kwa majuma, akigawa vitu vyake, akisema kwamba watu wangepumzika kama asingekuwapo, aulizwe waziwazi kama anafikiri kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kulitoa. Namba 116, ya bure, hupokea simu za watoto na za wanaowahofia, Tanzania na Kenya pia. Sheria hapa haisaidii: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ingali inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, ilhali Kenya Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho hakipatani na Katiba. Familia inayoogopa polisi humficha mgonjwa asipate daktari.

Limebaki la mwisho, ambalo katika mijadala yote niliyoisikia juu ya vijana sikulisikia likitajwa. Sisi humfikiria aliyeachwa. Aliyeacha hatumfikirii, ingawa yeye pia ni mtoto, na kwa kawaida naye hajui afanye nini. Hajui namna ya kusema, kwa hiyo hasemi. Anaanza kuchelewa kujibu, kisha hajibu, kisha humfungia mwenzake simu, au humtuma rafiki, au huonekana tu na mwingine wakati wa mapumziko, na mwenzake hutumia muhula mzima akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Ukatili huu mwingi hautokani na roho mbaya, watokana na kukosa maneno. Nasi tunao utaratibu wa maneno kwa kila tukio zito, wa posa, wa tanzia, wa kuomba radhi, wa kumrudishia mtu mahari yake, na mtoto hufundishwa kila mmoja wake kwa kusimama nyuma ya wakubwa akisikiliza. Kwa hili hana wa kumsikiliza. Mwalimu wa unasihi mwenye nusu saa ya ziada angeweza kuwaketisha wanafunzi wake, akawapa karatasi, na kuwataka watunge sentensi tatu za kumwambia mtu uso kwa uso kwamba yamekwisha: moja ya kushukuru, moja ya kusema kweli bila kutaja kasoro za mwenzake, na moja ya kueleza kwamba hayatarudi, ili asikae akingoja.